Nani Alimwogesha Mtoto Yesu

Nyumbani kwetu pango la Noeli hatulinunui. Najua siku hizi pale sokoni Kolwezi wanauza mapango ya plastiki, Maria amepakwa rangi ya midomo na taa nyekundu inawakawaka kifuani mwa Yosefu, na watu wazima wanayabeba mchana kweupe bila haya. Waendelee. Mama yangu alijenga pango lake kwa udongo wa kichuguu, nami nikajenga langu kwa udongo wa kichuguu, na wanangu walipokuwa wadogo Jumapili ya kwanza ya Majilio ilikuwa hivi: tukitoka misani hawavui hata viatu, wameshakamata ndoo, wananivuta kitenge twende.

Kichuguu chenyewe kilikuwa kwenye kiwanja kitupu ng'ambo ya reli. Udongo wake ni laini, unashika, na wafyatua matofali walikuwa wameshakula nusu ya kile kilima. Binti yangu, aliyekuwa na miaka saba mwaka ninaousimulia, alikuwa na mikono. Siyo kwamba namsifu kwa kuwa ni wangu; akifinyanga ng'ombe, ulisita kupita nyuma yake. Mdogo wake wa kiume, wa miaka minne, kazi yake ilikuwa kondoo, na kondoo wake wote walikuwa viazi. Malisho tuliyatengeneza kwa vijiwe vya kijani vinavyodondoka kutoka kwenye malori ya mgodi wa Mutoshi. Punda alitusumbua kila mwaka kwa sababu hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwona punda, basi tulikuwa tunachukua mbuzi na kumvuta masikio.

Pango tulilisimamisha barazani, chini ya bati, karibu na ukuta. Hori iliwekwa tupu. Hapo palikuwa na desturi yetu nyingine, niliyofundishwa na masista walionisomesha: jioni, kabla ya kula, mtoto aliyetenda jambo jema mchana ule analisema mbele ya wote, kisha anaweka unyasi mmoja ndani ya hori. Mtoto Yesu akija atalalia matendo yenu. Mkiwa wabaya atalala juu ya udongo, na aibu ni yenu. Mwanangu wa kiume alikuwa na matendo mema ya ajabu. "Leo sikumuuma yaya," anasema, yaani dada yake, na kusimama kifua mbele akingoja unyasi wake. Mimi ni mwalimu wa darasa la pili, sidanganywi ovyo, lakini huyo nilimpa nusu.

Tulisali kwa mishumaa. Bwawa la Nzilo liko jirani, umeme unapita juu ya vichwa vyetu ukienda migodini, nasi tunabaki na mishumaa ya Majilio ikifanya kazi mbili, ya sala na ya kutafutia mfuniko wa sufuria.

Mwaka ule Kambo alikuwa nasi. Kambo ndivyo watoto wanavyowaita bibi na babu kwetu, na huyu alikuwa mama mzazi wa mume wangu, aliyeshuka kutoka kaskazini, kijiji cha wavuvi kando ya maziwa ya Lualaba. Alikuja kwa sababu ya macho. La kushoto lilikuwa limekwisha zamani. La kulia lilikuwa na mtoto wa jicho, na nyuma yake presha ya jicho. Daktari wa macho hakukaa Kolwezi. Alikuwa akija kutoka Lubumbashi mara moja moja, na safari yake nyingine ilikuwa baada ya Noeli. Alimpima Kambo akatuambia kwa lugha rahisi: mtoto wa jicho amefunika tu, presha inazima. Akipasuliwa katika zamu ijayo ataona. Akiikosa, sitamuahidi kitu.

Kwa hiyo jambo letu lilikuwa moja: Kambo akae nasi mpaka zamu ya daktari ifike. Mume wangu ni fundi wa umeme, mtu wa maneno machache, lakini kwa zamu ile alikuwa amekaa kwenye benchi la hospitali mpaka muuguzi akamchoka. Kambo mwenyewe alikuwa na sababu yake. Wanangu wote wawili hakuwa amewaona. Aliwajua kwa sauti na kwa kuwapapasa vichwa. "Mi nione ii batoto mbili," alikuwa akisema, "kisha Mungu afanye vile anapenda."

Nilimpenda yule mama. Naandika hivyo wazi kwa sababu wakwe wengine nimewasikia na najua bahati niliyokuwa nayo. Alikuwa Mprotestanti wa kupigilia misumari. Majilio hayakuwemo katika Biblia yake, mishumaa aliiona uharibifu, na pango aliliita michezo ya udongo. "Beye Bakatoliki," alikuwa akiniambia, "mukizeeka mutaendelea kucheza?" Nikamjibu kwamba na wao wakizeeka wataendelea kununa. Alicheka mpaka akakohoa. Jioni tulipowasha mishumaa yeye alikaa kwenye kigoda chake, mgongo umetugeukia kidogo ili Mungu asije akamchanganya na sisi, lakini nyimbo aliimba zote.

Binti yangu alikuwa macho yake. Alimwongoza chooni, akamwekea mkono kwenye kikombe, akamwambia nani anapita barabarani na amevaa nini. Jioni matendo yake mema yalikuwa ya Kambo matupu. Nimemchotea Kambo maji. Nimemtolea Kambo mawe kwenye mchele asije akavunja jino. Nimemsimulia Kambo mvua. Hori ilijaa nyasi hata nikaanza kuwa na wasiwasi Yesu ataanguka.

Alasiri moja mvua ilikuwa imetufungia barazani. Kambo akasema, kama mtu asemaye jambo lisilo na uzito, "Muniletee basi ile michezo yenu, niguse." Nilijizuia nisionyeshe furaha. Binti akamshika mkono akamkalisha mbele ya pango, akamwongoza vidole kutoka sanamu moja hadi nyingine.

"Uyu?"

"Ngombe."

"Iko na afya. Na uyu?"

"Ni punda, Kambo."

"Punda iko vile?"

"Mi sijue. Hakuna mutu aliona."

Akafika kwa Maria, akafika kwa Yosefu, akauliza mbona Yosefu hana kiatu kimoja. Kisha vidole vyake vikakuta sanamu iliyokuwa mpya, ambayo hata mimi sikuwa nimeiangalia vizuri. Mama mzee, mgongo umeinama, kitambaa kimefungwa kichwani kwa fundo la pembeni, mikononi ana beseni.

"Na uyu mama muzee?"

"Ni weye, Kambo."

Binti alieleza, na nakumbuka jinsi alivyoharakisha maneno kwa fahari. Maria alizaa mbali na kwao. Mama yake hakuwapo. Kwetu mwanamke akijifungua, mama anakuja na vitenge vyake, anamkanda mzazi, anamwogesha mtoto mpaka kitovu kianguke. Mama yangu ndiye aliyemwogesha binti huyu, naye alilijua hilo kwa moyo kwa sababu kila mwaka aliomba nimsimulie. Basi akamtafuta wa kwenda Betlehemu na hakupata mtu mwingine.

"Nani alimwogesha Mutoto Yesu? Mbuzi tu na bachungaji? Njo sababu nilikuleta weye."

Mimi nilicheka kwa raha. Kambo hakucheka. Aliondoa mkono polepole, akaupangusa kwenye kitenge chake, mara ya kwanza na mara ya pili. "Mutu muzima," akasema, na kwao muzima ni aliye hai, "habamufanyi na udongo." Akaomba aongozwe chumbani. Binti alinitazama akingoja nimweleze.

Jioni mume wangu alituelezea, mimi na hasira zangu tukiwa tumekaa upande mmoja. Kijijini kwao, alisema, katika utoto wa mama yake, mtu akitaka kumla mwenzake, yaani kumuua kwa uchawi, alikuwa akimfinyanga kwa udongo na kumwacha mvuani. Sanamu inavyoyeyuka na mwenyewe anayeyuka. Ndivyo walivyoamini, na kuna vifo walivyovihesabu hivyo. Kambo alikuwa amebatizwa, ameongoza akina mama kanisani miaka na miaka, lakini mkono wake ulikuwa umegusa kitu ambacho ulikiogopa kabla ya kujifunza kusoma.

"Basi tuivunje," nikasema.

Mume wangu akakuna kichwa. Kuivunja ni kumvunja. Kuiacha pale, mvua ya Desemba inaingia barazani kila siku na kila mwaka inatuyeyushia mchungaji mmoja au wawili. Nilimuuliza tangu lini Yesu anashindwa na udongo, na kama huo ndio Uprotestanti. Alikuwa mtulivu kuliko mimi, kama kawaida yake. Alikwenda kuzungumza na mama yake, wakakubaliana: sanamu itawekwa juu ya kabati, ndani, pakavu, Kambo akishapona macho ataiona mwenyewe, ataibeba mwenyewe kwenda nayo kwao, na mambo yataisha. Kambo alikubali. Asubuhi alimwita binti amwongoze kama kawaida, na uji akanywa. Nikadhani tumepita.

Lakini mtoto alikuwa amesikia. Nyumba zetu zina kuta nyembamba, na hakuna mtoto anayelala watu wazima wanapomzungumzia Kambo wake. Alichokishika kilikuwa kimoja: maji yakiifikia sanamu, Kambo anakufa. Na bati letu lilikuwa linavuja, hasa juu ya lile kabati.

Basi alifikiri. Sijawahi kumlaumu kwa kufikiri. Alikuwa ameona wafyatua matofali: tofali bichi linayeyuka, tofali lililochomwa unalijengea nyumba na mvua haifanyi kitu. Jumamosi, mimi nikiwa bombani na mbabula, jiko letu la makaa, ikiwa barazani imewaka kwa ajili ya maharage, alipanda kiti, akaishusha sanamu, akaizika katikati ya makaa. Hakuna aliyemwambia kwamba tofali hukaushwa juani siku nyingi kabla ya kuingia motoni, na kwamba udongo mnene wenye unyevu ndani haupendi moto wa ghafla.

Ililipuka. Niliusikia mlio nikiwa bombani, mdogo tu, kisha nikasikia sauti ya binti yangu, na ile ilisikika mtaa mzima.

"Nimeua Kambo! Nimeua Kambo!"

Nilikimbia nikaacha ndoo. Binti alikuwa amesimama mikono kichwani. Vipande vilikuwa vimetapakaa barazani, na mdogo wake ameshika kimoja na kukipuliza kipoe. Kambo alikuwa kwenye kigoda chake, mzima, hatua chache tu kutoka pale. Nilitegemea amwite mtoto, amkumbatie, amwambie mimi niko hapa, usilie. Hakufanya hivyo. Aligeuza uso kuelekea upande wa barabara akauliza kwa sauti ya chini, "Nani alisikia?"

Aliyesikia alikuwa ameshafika ukutani. Jirani yetu, muuza makaa, mama wa vyumba vya maombi wanakotoa pepo, anayefunga na kukesha na kuota ndoto juu ya watoto wa wenzake. "Mutoto anasema yeye njo anaua kambo yake," akatuambia, sura imejaa huruma. "Maneno ya vile haitokake bure. Mumupeleke ku maombi, mbele haijakuwa mubaya."

Nilimjibu. Sitaandika nilichomjibu, maana wanangu watakisoma na mimi ni mwalimu. Alikwenda zake, lakini najua alikokwenda. Mwaka uliotangulia, mtaani kwetu hapo hapo, mwanamume mmoja alifukiwa na shimo alimokuwa akichimba kobalti, na kabla matanga hayajaisha mtoto wa mkewe alikuwa ameshapewa jina. Muloji, yaani mchawi. Walimfungia chumbani kwa muuza maombi bila chakula, kisha wakamtoa nje kabisa. Alikuwa bado akionekana sokoni chini ya meza za wauza samaki, na binti yangu alimjua kwa sababu walisoma darasa moja.

Jumatatu Kambo alisema anarudi kwao. Mpwa wake aliyekuwa amekuja Kolwezi kuuza samaki wakavu alikuwa anaondoka, naye ataondoka naye. Tulidhani ni hofu ya siku moja. Mume wangu alipiga magoti mbele ya mama yake, mwanamume mzima, akamkumbusha daktari, akamkumbusha benchi la hospitali. Akamwambia sanamu imevunjika na yeye ni mzima, basi mambo ya zamani yamejionyesha ni uongo. Kambo alisikiliza yote. "Minaenda," akasema. "Nitafia kwetu."

Nami nikamwambia, kwa sauti niliyoilea darasani, kwamba anamwonyesha mtoto wa miaka saba kuwa anamwogopa. Aliendelea kukunja kitenge chake, pembe juu ya pembe, kwa kupapasa.

Siku ya kuondoka watu walitoka kuangalia, kama kawaida ya mtaa. Gari la mpwa wake lilinuka samaki mpaka kona. Binti alijificha nyuma ya pipa la maji. Kambo alimpapasa mdogo kichwani, akamshika mume wangu uso kwa mikono miwili, akanishika mimi. "Ule mwengine iko wapi?" akauliza. Nilimwambia alipo. Akasema, "Mumuache," na akapanda. Mshumaa wa nne wa Majilio ulikuwa bado haujawashwa.

Noeli ile tuliila, kwa sababu yenye watoto haiahirishwi. Nguo mpya zilikuwapo, kuku alikuwapo, wali, soda za kila rangi, na watoto wa jirani waliopita nyumba kwa nyumba kudai maandazi yao. Kanisani binti alikuwa malaika katika igizo. Alitakiwa kuwaambia wachungaji wasiogope. Aliyasema maneno yote bila kukosea akiangalia sakafu. Jioni zilizobaki za Majilio, zamu yake ilipofika, alikuwa akisema, "Leo hakuna." Nilimsukuma akumbuke tendo lolote, hata kufagia. "Hakuna, Mama." Matendo yake mema yalikuwa yameondoka na gari la samaki, na hilo nililielewa, nikashindwa kulitibu.

Daktari alikuja zamu yake, akapasua wengine, akaondoka. Kabla ya Pasaka mpwa alipiga simu: Kambo hatofautishi tena taa na giza.

Binti hakugusa udongo tena. Mwaka uliofuata alichora pango kwenye katoni, likapendeza, nikalipigilia ukutani. Simu ya Kambo ilipokuja alisema shikamoo zake na kumpa mdogo wake. Akiulizwa, "Kambo ananiogopa," alikuwa akisema, bila uchungu, kama mtu anayetaja namba ya nyumba. Nilimkatalia mara nyingi. Mimi mwenyewe sikuamini nilichokuwa nikimwambia, na watoto wanasikia hilo.

Miaka ikapita. Mwaka jana, kiangazi kikiwa kinaisha, kaka wa Kambo alifariki, na mimi na mume wangu tukapanda kaskazini kuzika. Watoto walibaki kwa dada yangu. Baada ya mazishi nilikaa na mama mkwe wangu nyuma ya jiko tukichambua maharage, yeye kwa vidole kwa kasi kuliko mimi kwa macho. Alikuwa amepungua, lakini ulimi ulikuwa mzima. Aliniuliza kama bado tunacheza. Nikaona nisipouliza siku ile sitauliza tena.

"Mama," nikamwambia, "juu ya nini ulituacha? Ulimuogopa mutoto?"

Vidole vyake vilisimama.

"Kumuogopa? Ule mutoto?" Alitikisa kichwa. "Nilishituka, ile siku ya kugusa. Mi ni mutu wa zamani. Lakini ilinipita. Udongo ni udongo."

"Basi juu ya nini?"

"Bantu banasikia." Akasema polepole, kana kwamba mimi ndiye mtoto. "Mutoto analalamika mu barabara, nimeua Kambo. Ule mama wa makaa anasikia. Mi niko muzee, niko na presha, banataka kunipasua liso. Mu operasyo bantu banakufaka. Kama nilikufa kule Kolwezi, hata na malaria, bangesema nini?"

Nilimwona akilini yule mtoto wa chini ya meza za samaki.

"Bangesema yeye njo alinikula," akasema Kambo. "Bangemufunga. Na beye mungepigana, mungepigana, kisha siku moja ata beye mungeanza kumuangalia. Niliona ile kwetu. Dada yangu mudogo. Basi nikasema, niende nifie mbali, bakose la kusema."

Nilimuuliza kwa nini hakutuambia. Alisema mwanawe angemzuia, angemwambia hizo ni habari za washamba, na yeye angekubali, kwa sababu mwenyewe alitaka sana kubaki. "Na mutoto, mungemuambia nini? Kambo anakimbia juu bantu bataita weye muloji? Apana. Mi nilizoea giza. Mutoto hawezi kuzoea ile jina." Kisha akaendelea kuchambua maharage, na mimi nikabaki nimeshika punje moja mkononi.

Tena kilichoniuma zaidi ni kwamba hakufa. Zimepita Noeli zote hizi na yuko hai. Angekaa, angepasuliwa, angeona, na yule muuza makaa, aliyehama mtaa hata mwaka haukuisha, asingepata hadithi yoyote. Mambo yote yale ya kuogopwa hayakutokea. Macho tu ndiyo yaliyokwenda.

Niliporudi nilikaa na maneno yale mpaka Majilio. Kumwambia binti ni kumwondolea jambo moja na kumbebesha lingine: Kambo hakukuogopa, lakini macho yake aliyatoa kwa ajili yako. Ana miaka kumi na miwili sasa, amenipita urefu kidogo, na hasira amezirithi kwangu zote. Mume wangu alisema tungoje akue. Nikamwambia ameshakua bila sisi kumngoja.

Ilikuwa Jumapili ya kwanza, tumetoka misani. Yeye alikuwa anaosha vyombo, mimi napangusa. Nilimweleza kuanzia ukutani kwa muuza makaa mpaka kwenye maharage, sikuruka neno. Hakulia. Aliosha sahani moja muda mrefu sana, akaisuuza, akanipa.

"Angebakia," akasema.

"Bangekuita muloji, mwanangu."

"Bangeniita. Lakini angeniona."